Ukivuka Sirare: kati ya Tanzania na Kenya, sheria ipi inamlinda mtoto?

Binti Mara
Wakuu, naingia moja kwa moja. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka, Tarime huku, Isebania na Kehancha kule. Koo ni zilezile, wazee wa inchama, yaani baraza la wazee la Wakurya, wanasikilizana, na mtoto anavuka njia ya panya bila kuulizwa kitambulisho. Lakini akishavuka, sheria inayomlinda si ileile. Nawawekea mezani.

Ndoa: Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 4, ni miaka 18 kwa wote na hakuna mlango wa nyuma. Ukioa aliye chini ya hapo, kifungu cha 87 kinakupa hadi miaka mitano, au faini isiyozidi milioni moja ya kwao, au vyote viwili. Tanzania Bara tuna Sheria ya Ndoa ya 1971: mvulana 18, msichana 15 kwa ridhaa ya baba, na mahakama inaweza kuruhusu hata 14. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya 13 na 17 vinavunja Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 ikagonga mwamba. Mwaka ukaisha, kifungu kikabaki palepale.

Ukeketaji: Kenya wana sheria nzima ya 2011. Sisi tuna kifungu cha 169A ndani ya Kanuni ya Adhabu, kinachomlinda aliye chini ya miaka 18 tu.

Halafu hapa ndipo pananikera. Ukioa mwanafunzi wa msingi au sekondari, Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa 2016, kifungu cha 60A, ni miaka 30. Ukioa msichana wa miaka 15 aliyemaliza la saba akabaki nyumbani, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu chenyewe kinakuepusha na kosa la kubaka kwa sababu ni mkeo. Kwa hiyo anayelindwa ni mtoto au ni sare ya shule?

Swali: Jumuiya ya Afrika Mashariki itunge sheria moja ya mtoto, au kila nchi ibaki na yake? Karibuni kwa hoja.

Mwana wa Kehancha
Hakuna mjadala hapo, Kenya tuko mbele. Katiba ya 2010, ibara ya 53, imemtaja mtoto kwa jina, kuanzia elimu ya bure na ya lazima hadi kulindwa dhidi ya mila hatari. Sheria yetu ya ukeketaji inamkamata anayekeketa, anayesaidia, anayetoa nyumba, anayekutwa na vifaa, na hata jirani aliyejua akanyamaza. Kima cha chini ni miaka mitatu au faini isiyopungua laki mbili. Ukimvusha mtoto kwenda kumkeketea Tanzania, kifungu cha 21 kinakungoja nyumbani. Ukikeketa ukiwa hukohuko Tanzania na wewe ni Mkenya, kifungu cha 28 kinakufuata. Hata kumtukana msichana kwa sababu hajakeketwa ni kosa, kifungu cha 25, si chini ya miezi sita au elfu hamsini.

Na wacha niseme tu ukweli, nchi ambayo mwalimu bado ana ruhusa ya kisheria kumchapa mtoto viboko vinne haina la kutufunza kuhusu ulinzi wa watoto.

Mwalimu Mstaafu
Kijana, heshima kidogo. Unaongea kama vile mwalimu wa Tanzania anaamka asubuhi na kuchagua wa kumpiga. Kanuni za 2002 ziko wazi: viboko visizidi vinne, mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, kosa liwe kubwa, na tukio liandikwe kwenye kitabu: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa. Huo ni utaratibu. Ninyi mmeondoa fimbo na hamkuweka kitu chochote mahali pake.

Kijiko
Wamebaki na kiberiti 😂 kila muhula bweni linaungua huko.

Mwana wa Kehancha
Kijiko, watoto waliungua ukacheka? Wasichana 26 walikufa Bombolulu Machi 1998, na wakati huo kiboko kilikuwa halali Kenya. Kilipigwa marufuku 2001. Kwa hiyo hiyo hesabu yako ya "ondoa fimbo upate moto" haijumlishiki. Leo ni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, mwalimu akigusa mtoto ni faini hadi laki moja au miezi sita, au vyote.

Kijiko
Na wangapi wamelipa hiyo laki?

Karani wa Kisutu
Mwalimu, shikamoo. Kanuni umezitaja vizuri, ila tuambizane. Hicho kitabu ndicho kinachoamua kila kitu mwalimu akifikishwa polisi. Anayechapa bila barua ya uteuzi, au anayechapa darasa zima kwa sababu limefeli hesabu, hana kinga ya kanuni hata chembe. Anakuwa mtu wa kawaida aliyempiga mtoto, na anashtakiwa kwa shambulio kama mlevi wa baa. Mkaguzi akifika shuleni, kitabu kikiwepo kimeandikwa mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja.

Juu ya kanuni ipo Sheria ya Mtoto, namba 21 ya 2009, kifungu cha 13: hakuna mateso wala adhabu ya kudhalilisha, na adhabu ya kurekebisha haikubaliki ikizidi kiasi au isipoendana na umri na hali ya mtoto. Nani anapima "kiasi"? Hakimu, baada ya mtoto kuumia. Kagera 2018 mwanafunzi wa darasa la tano alikufa baada ya kipigo, na mwalimu alihukumiwa kunyongwa 2019. Viboko vinne vya kwenye kanuni havikuonekana mahali popote pale.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Tukio moja lisifanywe sura ya walimu wote nchini.

Karani wa Kisutu
Sijasema hivyo, mwalimu. Nimesema kanuni inayotegemea daftari ambalo halikaguliwi si ulinzi.

Mama Wawili
Samahani, mimi nauliza kitu kingine. Viboko vinne kwa mtoto wa darasa la kwanza na kwa kijana wa kidato cha sita ni vinne vilevile?

Karani wa Kisutu
Vinne ni ukomo, dada, haimaanishi lazima vifike. Kanuni inamtaka mchapaji aangalie umri, jinsia na afya. Kimatendo haangalii mtu.

Kijiko
Tuache viboko. Mkenya hapo juu anajisifu na Katiba, kumbe kwao mtoto wa miaka minane anapandishwa kizimbani. Sisi ni kumi. Nani mbele?

Mwana wa Kehancha
Hiyo ya nane ilizikwa. Sheria ya Watoto namba 29 ya 2022, iliyoanza 26 Julai mwaka huohuo, imepandisha hadi 12, na aliye chini ya 14 anachukuliwa hawezi kutofautisha jema na baya mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kinyume. Ninyi ndio mmebaki na kumi, na dhana yenu inaishia 12. Soma kabla ya kutuma.

Kijiko
Sawa mheshimiwa. Karatasi mnazo nzuri sana, hilo hatukatai.

Afisa Ustawi
Naomba turudi mpakani kabla uzi haujawa wa fimbo moja kwa moja. Kaka wa Kehancha ametaja kifungu cha 28 kana kwamba kinajiendesha chenyewe. Tuangalie kinavyofanya kazi.

Msichana ametolewa Kuria Mashariki wiki ya kwanza ya Desemba shule zikifungwa, akakeketwa kijiji cha Tarime, akarudishwa jeraha likipona. Kosa limetendeka Tanzania, mkeketaji ni Mtanzania, mzazi ni Mkenya. Kenya inaweza kumshtaki mzazi kwa kumvusha. Lakini shahidi aliyeona ni jirani wa Tarime, na hana sababu ya kupanda gari kwenda mahakamani Kehancha mara tano, shauri likiahirishwa kila mara. Daktari aliyempima mtoto kwanza, kama yupo, yuko Tanzania na amejaza PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, wakati mahakama ya Kenya imezoea ya kwao, P3. Taarifa polisi huku ina namba ya RB, kule ina namba ya OB, na majalada mawili hayajuani.

Sasa geuza. Msichana wa Tarime akivushwa Kenya, Tanzania unamshtaki mzazi kwa 169A, adhabu ni miaka mitano hadi 15, au faini isiyozidi laki tatu za Tanzania, au vyote viwili pamoja na fidia. Angalia maneno ya kifungu: kinaanza na mtu "mwenye ulezi au uangalizi" wa mtoto. Mzazi anaingia bila shida. Ngariba je? Wakili wa utetezi anasimama na kuuliza mteja wake alikuwa na ulezi gani juu ya mtoto aliyemwona kwa dakika kumi. Usipoandaa hati ya mashtaka kwa umakini, unabaki na mama mjane kizimbani, na ngariba yuko nyumbani akinoa wembe.

Kwa hiyo sheria ya Kenya ni pana zaidi, nakubali. Inamlinda hata mwanamke mzima, na ridhaa si utetezi. Hiyo ya "mbele" tungeipima kwa mashahidi waliofika mahakamani.

Mwana wa Kehancha
Sasa mbona unaniita kaka halafu unaniambia sielewi sheria ya nchi yangu?

Afisa Ustawi
Sijasema huelewi.

Kampala Road
Banange, na sisi mtukumbuke. Uganda Katiba ya 1995, ibara ya 31, ndoa ni miaka 18. Sheria ya ukeketaji ni ya 2010, hadi miaka kumi, na kifungo cha maisha ikiwa ni kosa la uzito wa juu, kwa mfano aliyekeketwa akifa. Kiboko shuleni tulikipiga marufuku kwa marekebisho ya Sheria ya Mtoto ya 2016: hadi miaka mitatu jela au pointi 100 za sarafu, pointi moja ni shilingi 20,000, piga hesabu. Na bado fimbo iko kona ya kila ofisi ya mwalimu. Kwa hiyo ndugu Mkenya na mwalimu Mtanzania mnagombana juu ya karatasi, fimbo inafanana.

Tatizo letu kubwa ni lingine. Kumnajisi mtoto aliye chini ya miaka 14 kwetu ni kosa la kunyongwa. Inasikika kama ulinzi mkubwa. Matokeo yake ni kwamba shauri haliwezi kumalizwa na hakimu wa wilaya, linapanda Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu inakaa kwa vikao, na kikao kinahitaji fedha. Mtoto aliyekuwa na miaka tisa anatoa ushahidi akiwa ameota ndevu, au haonekani kabisa, familia imehama.

Mama Wawili
Aliyeota ndevu 😄 lakini inauma.

Mwalimu Mstaafu
"Fimbo inafanana" haifanani. Moja ina kanuni, nyingine ni ya kujificha. Ya kujificha ndiyo hatari kwa sababu haina idadi.

Kampala Road
Mwalimu, yenye idadi nani anaihesabu?

Mpemba Asili
Assalaam aleikum. Mnasema "Tanzania" kila mstari na hakuna hata mmoja aliyekumbuka Zanzibar. Sheria namba 21 ya 2009 haivuki bahari. Sisi tuna Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo ni ya Bara, ndoa za Waislamu huku mizozo yake inakwenda kwa Kadhi. Kwa hiyo kabla ya kuomba sheria moja ya Afrika Mashariki, mngeuliza kwanza kwa nini jamhuri moja ina mbili.

Binti Mara
Mpemba, hilo ni zuri sana na ndilo nililotaka. Watu walijibu sentensi moja ya Mkenya wakaacha swali zima. Msichana wa 15 aliyemaliza la saba, nani anamlinda? Hakuna aliyenijibu.

Karani wa Kisutu
Binti Mara, nakujibu. Kwa sheria ilivyo, mstari wa kwanza ni Sheria ya Mtoto yenyewe, kwa sababu inamtambua kuwa mtoto hadi 18 na inamzuia mtu yeyote kumdhalilisha. Mstari wa pili ni hukumu ya 2016 na 2019, ambayo wakili anaweza kuishika mbele ya hakimu kuzuia ndoa isifungwe. Ukisikia ndoa inaandaliwa, nenda kwa afisa ustawi wa halmashauri, si kwa mjumbe, maana mjumbe ameshaalikwa pilau. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa serikali za mitaa. Ofisa anaweza kuomba amri ya mahakama ya kumweka mtoto mahali salama. Nyumba salama za Tarime na Serengeti zinapokea wa ndoa na wa ukeketaji.

Lakini ndoa ikishafungwa na msichana si mwanafunzi, jinai inakuwa ngumu. Ndiyo maana waendesha mashtaka hukimbilia 60A, wakitafuta daftari la mahudhurio lililoonyesha alikuwa shuleni. Rejesta inakuwa na thamani kuliko umri wake. Wanaosaidia ndoa ya mwanafunzi nao wamo: faini isiyopungua milioni tano au miaka mitano.

Mwana wa Kehancha
Kwa hiyo umekubali mko nyuma kwenye ndoa.

Karani wa Kisutu
Kwenye ndoa, ndiyo, na hakuna mwanasheria wa Bara atakayebishana na wewe. Sasa twende kwenye ubakaji wa watoto tuone. Kwetu kima cha chini ni miaka 30, na kama mtoto ana chini ya miaka kumi ni maisha. Kwenu kifungu cha 8 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kina ngazi: 11 kushuka ni maisha, 12 hadi 15 si chini ya 20, 16 hadi 18 si chini ya 15. Na mshtakiwa anaruhusiwa kujitetea kwamba alidanganywa umri. Nani mkali?

Mwana wa Kehancha
Ukali si ulinzi, Mganda ameshasema hapo juu. Na hizo ngazi Mahakama ya Juu yetu ilizikazia Julai 2024, ikasema majaji wa chini wasizipunguze kwa huruma zao. Isitoshe kwetu chifu hawezi kumaliza unajisi kwa mbuzi. Kifungu cha 40 kimeuondoa uamuzi wa kuacha shauri kutoka mikononi mwa mlalamishi na wazee.

Kijiko
Kwa hiyo wazee wa Kuria hawajawahi kupokea mbuzi tangu 2006. Amina.

Mwana wa Kehancha
Kijiko wewe hujaandika sheria hata moja tangu uzi uanze.

Kijiko
Nawaachia nyie wasomi, mimi nahesabu mbuzi.

Afisa Ustawi
Mbuzi au ng'ombe, huko ndiko mashauri yanakofia, pande zote. Miaka 30 kwa mjomba ni familia kupoteza mlezi. Mama anaitwa kikao cha ukoo, anaambiwa mtoto atapona. Siku ya ushahidi mtoto "amesafiri". Kadiri adhabu inavyokuwa kubwa na mshtakiwa akiwa wa nyumbani, ndivyo shahidi anavyopotea haraka.

Pili, siku tatu za kwanza zinaharibiwa na wasamaria wema. Mtoto anaogeshwa, nguo zinafuliwa, halafu ndiyo anapelekwa kituoni. Nieleze ilivyo sahihi, mtanisamehe urefu:

Asiogeshwe. Nguo alizovaa zivuliwe juu ya karatasi safi, ziachwe zikauke zenyewe, kila moja iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi, hata bahasha ya kaki inafaa. Usiweke kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu unabaki ndani, ukungu unaota na sampuli inaharibika. Kinga ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, kwa hiyo kama kituo cha polisi kiko mbali kuliko hospitali, hospitali kwanza. Kwenye kituo cha mkono kwa mkono polisi, daktari na ustawi wako chini ya paa moja, PF3 inajazwa hapohapo. Fomu hiyo hailipiwi. Namba 116 ni ya bure Tanzania, Kenya na Uganda, lakini kila nchi inapokea simu yake. Ukiwa Sirare na simu yako imenasa mtandao wa Kenya, utaongea na Nairobi kuhusu mtoto wa Tarime. Angalia mtandao kabla ya kupiga.

Mama Wawili
Hili la mtandao sijawahi kusikia mtu akilisema. Asante sana afisa.

Karani wa Kisutu
Naongezea palipobaki, mahakamani. Tanzania tumepoteza mashauri mengi kwa mstari mmoja. Kabla ya 2016 hakimu alimhoji mtoto wa miaka 14 au chini kupima akili na uelewa wa kiapo. Marekebisho ya 2016 kwenye Sheria ya Ushahidi yakafuta hayo, yakasema mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ikaonekana nafuu. Kumbe mahakimu wengine waliandika tu "mtoto anaelewa umuhimu wa kusema kweli" wakaendelea. Mahakama ya Rufani, rufaa ya jinai namba 168 ya 2018, ikasema hapana, ahadi lazima ionekane kwenye mwenendo wa shauri, na hakimu amwongoze mtoto kwa maswali mepesi: una miaka mingapi, dini yako ipi na unaelewa kiapo ni nini, unaahidi kusema kweli? Ushahidi usio na ahadi unafutwa. Ukifutwa wa mtoto, mara nyingi hakuna kingine, mshtakiwa anarudi mtaani kwake, yaani jirani na mtoto. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ililegeza kamba kidogo katika rufaa nyingine, lakini hakimu anayejali haachi kuiandika ahadi kwa maneno ya mtoto mwenyewe.

La pili ni umri. Kuandika "miaka tisa" kwenye hati ya mashtaka si ushahidi. Lazima mtu aseme mahakamani: mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au cheti cha kuzaliwa. Mama akisimama kizimbani dakika ishirini na mwendesha mashtaka asimuulize "mwanao amezaliwa lini?", kifungo cha maisha kimeanguka hapohapo.

La tatu, PF3 ikishapokelewa kama kielelezo isomwe kwa sauti mshtakiwa akisikia. Isiposomwa inaondolewa. Inabaki kauli ya daktari tu, kama aliitwa.

Mwana wa Kehancha
Kwetu hakimu bado anamhoji mtoto kwanza kupima uelewa wake, hilo lipo. Lakini sheria ya ushahidi, kifungu cha 124, inaruhusu hukumu kwa ushahidi wa mtoto peke yake kwenye makosa ya kingono, mradi hakimu aandike sababu za kumwamini.

Karani wa Kisutu
Na kwetu pia, kifungu cha 127. Hapo tunalingana. Hata makosa ya mahakimu yanalingana, wanasahau kuandika.

Mwalimu Mstaafu
Nimesoma yote. Nina swali kwa wakili, Karani wa Kisutu. Ninyi mnaopinga kiboko shuleni, mbona kifungu cha 131 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mvulana wa miaka 18 au chini akibaka kwa mara ya kwanza anachapwa viboko tu? Bunge liliona kiboko kinafaa kwa mbakaji lakini hakifai kwa mtoro?

Kijiko
Mwalimu amerudi na silaha nzito 🔥

Karani wa Kisutu
Mwalimu, kifungu umekisoma sawasawa, na ni kweli kipo tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Mara ya pili ni miezi 12 na viboko, mara ya tatu miaka mitano na viboko. Lakini Sheria ya Mtoto, kifungu cha 119, ilikuja kumzuia mtoto kufungwa, na ndiyo sheria mahususi. Na kiboko cha mahakama hakichapwi na aliyetoa hukumu.

Mwalimu Mstaafu
Hujajibu. Kinafaa au hakifai?

Mwana wa Kehancha
Hakifai kote kuwili mwalimu, wala hakuna haja ya wakili kusema. Kwetu, kifungu cha 8(7) cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinaruhusu kijana anayenajisi ahukumiwe chini ya Sheria ya Watoto.

Kampala Road
Lakini kwenu Kenya wavulana na wasichana wa 17 wakipendana, anayekamatwa ni mvulana peke yake. Hiyo nayo ni ulinzi wa mtoto?

Mwana wa Kehancha
Hiyo fungua uzi wake.

Binti Mara
Wakuu, sheria moja ya Jumuiya, ndiyo au hapana?

Mpemba Asili
Hapana. Anzeni na Bara na Visiwani.

Afisa Ustawi
Mimi ningeridhika na kitu kidogo kuliko sheria moja: fomu moja ya daktari inayokubalika mahakama za pande zote mbili, na afisa watoto wa Kuria na afisa ustawi wa Tarime wawe na utaratibu ulioandikwa wa kukabidhiana mtoto. Sasa hivi mtoto akiokolewa upande usio wake, wengine wanamsindikiza hadi getini wanamwachia polisi wa upande wa pili. Polisi anampigia mzazi aje amchukue. Na mzazi ndiye aliyemvusha. Nchi tano, Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia, zilikutana Mombasa Aprili 2019 zikatamka kushirikiana kumaliza ukeketaji wa kuvuka mipaka. Tamko halina fomu.

Mwalimu Mstaafu
Bado nasubiri jibu la wakili kuhusu 131.

Kijiko
Mwalimu usilale, tuko hapa.

Karani wa Kisutu
Mwalimu, kama mtu mzima hakifai. Kama wakili, kikifika mezani kwangu natumia 119 kwanza, na kama kijana ni wa kosa la kwanza naomba ripoti ya uchunguzi wa kijamii kutoka ustawi kabla ya hukumu. Hakimu akishapata ripoti ana njia nyingine: kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, au shule ya maadilisho. Ripoti isipoombwa, anafungua 131, na kilichoandikwa pale ni viboko.

Mwalimu Mstaafu
Sawa. Na shuleni nani anamwandikia mtoro ripoti?